Kunguni si aibu ya nyumba moja: tuwatoe parseli nzima siku moja

Bukavu – Juma lililopita, saa tano za usiku, nilisikia mlango wa jirani unafunguliwa pole pole. Nilitoka kuangalia kama si mwizi. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu, anavuta matela yake inje gizani. Aliponiona alisimama. "Papa, usiambie watu," alisema. Nikamjibu: "Mama, hata kwangu wako." Tulicheka wote wawili, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Parseli yetu hapa Kadutu ina nyumba sita za mbao. Usiku ule nilifahamu kwamba kila nyumba ilikuwa inapigana na kunguni peke yake, kwa siri, na ndiyo maana hakuna hata moja iliyoshinda.

Wandugu wasomaji, wazo langu leo ni hili: kunguni wanaishi kwa damu yetu, lakini wanalindwa na haya yetu.

Tunasema kunguni ni mdudu wa wachafu. Si kweli. Kunguni hatafuti takataka, anatafuta mtu aliyelala. Nyumba iliyofagiliwa mara tatu kwa siku ina watu wenye damu sawa na nyumba isiyofagiliwa. Mwaka 2023 tulisikia kwenye redio namna mji wa Paris ulivyolia kwa sababu ya kunguni, mpaka shule kadhaa zikafungwa na wakubwa wa serikali wakaketi kuzungumza juu yao. Shirika la serikali la Ufaransa linaloshughulikia usalama wa afya lilitangaza mwaka ule kwamba zaidi ya nyumba moja kwa kumi katika inchi ile ilipata kunguni kati ya 2017 na 2022. Kama aibu ni ya maskini, basi Wafaransa nao wameingia katika umaskini wetu.

Kunguni haruki wala hana mabawa. Anabebwa. Anakuja ndani ya matela iliyotumika, kiti cha salo cha bei nzuri, begi la msafiri aliyelala mahali pengine, kitanda tulichoazimana wakati wa kilio. Miaka hii jamaa nyingi za Kivu zimepokea ndugu waliokimbia vita, na mahali walipolala watu wanne sasa wanalala kumi. Tusiwanyoshee kidole. Mdudu huyu hana kabila, na mara nyingi mgeni amemkuta kwetu, si yeye aliyemleta.

Akishaingia, nyumba zetu zinampendeza sana. Ukuta wa mbao una nyufa, na juu yake tumebandika makarato na mifuko ya kuzuia baridi. Nyuma ya karato moja wanaweza kujificha kwa makumi. Jike anataga mpaka mayai matano kwa siku, na mayai yanaanguliwa baada ya juma moja mpaka siku kumi hivi. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kunywa damu. Na kati ya nyumba yangu na ya jirani kuna ubao mmoja tu. Nikipuliza dawa kwangu leo, wanahamia kwake. Akipuliza kesho, wanarudi kwangu. Tunafukuzana nao kama watoto wanaocheza mpira.

Munganga mmoja aliniambia jambo ambalo watu wengi hawalijui: hakuna ushahidi kwamba kunguni anaambukiza malaria, UKIMWI au ugonjwa mwingine kwa kuuma. Anachotuletea ni mwasho, vidonda vya kujikuna, na usiku bila usingizi. Mtoto anasinzia darasani, mwalimu anamwita mvivu. Hayo si madogo. Lakini ninaogopa zaidi mambo tunayofanya sisi wenyewe kwa kutaka kuwamaliza haraka na bila kuonekana.

La kwanza ni moto. Watu wanamwaga petroli kwenye kitanda na kwenye mbao, kisha wanawasha mshumaa waone kama wamekufa. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa namna nyumba za mbao zinavyoungua. Moja ikishika, mstari mzima unaondoka, na gari la kuzima moto haliwezi kupita katika njia zetu.

La pili ni dawa ya shamba. Kule sokoni wanaiuza katika chupa ndogo zisizo na maandishi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mimea, si kwa chumba mtoto anamolala na mdomo kwenye shuka. Mtu akianza kutoka mate mengi, jasho, kutapika na kupumua kwa shida baada ya dawa kupulizwa, mtoeni inje kwenye hewa, mvueni nguo zilizoloa, mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Tena dawa nyingi hazina nguvu kama zamani. Tangu mwaka 1947 kunguni wa Hawaii walionekana wanavumilia DDT, na leo wengi duniani wanavumilia hata dawa zilizomo katika makopo ya kupuliza na katika vyandarua.

La tatu ndilo linaniumiza zaidi. Kuna jamaa zimetoa chandarua kitandani kwa sababu kunguni wamejificha katika mishono yake. Wamemfukuza mdudu asiyeua, wakamfungulia mlango mbu anayeleta malaria inayoua watoto wetu. Chandarua kisitupwe. Kikung'utwe inje, mishono iangaliwe, kioshwe kwa sabuni na maji ya kawaida, kianikwe kivulini, kirudishwe jioni ile ile.

Sasa, kinachofaa ni nini? Ni joto, na uvumilivu. Maji yanayochemka yakimwagwa katika viungo vya kitanda yanaua mkubwa na yai pamoja. Shuka na nguo ziingie katika maji ya moto sana, na zisizoweza kuoshwa hivyo zipigwe pasi ya makaa, hasa kwenye mishono. Matela isuguliwe kwa brosi, kisha ifungwe ndani ya plastiki isiyo na tundu, ikae humo mwaka mzima. Kuianika juani peke yake haitoshi: jua letu la huku milimani halipenyi mpaka ndani, na kunguni wanahamia upande wa kivuli. Makarato ya zamani yabanduliwe, yachomwe inje mbali na nyumba, na nyufa zizibwe. Kitanda kisiguse ukuta, na miguu yake isimame katika makopo yenye maji ya sabuni. Halafu kazi yote irudiwe baada ya juma moja, na tena baada ya juma lingine, kwa sababu yai lililobaki linaanzisha ukoo mpya.

Mtasema: makaa ni bei, maji ni shida. Ndiyo. Ndiyo maana nyumba moja haiwezi, lakini parseli inaweza. Mbabula moja kubwa na sufuria moja ya harusi zinatosha nyumba sita, kama kila moja inaleta makaa kidogo na bidoni mbili za maji. Tunajua salongo tangu zamani: tunatoka pamoja kufagia barabara na kuzibua mifereji. Ninaomba mashefu wa avenyu watupatie Siku ya Posho tatu zinazofuatana, salongo ya vitanda. Kila nyumba itoe kitanda chake inje, mchana, mbele ya watu wote. Vitanda vyote vikiwa inje, hakuna atakayemcheka mwenzake.

Wenye nyumba nao nina neno kwao. Mpangaji akikuambia kuna kunguni, usimwambie ahame. Ukimfukuza, anabeba matela yake na kuwapeleka kwingine, na wale waliobaki katika mbao zako wanamngoja mpangaji mpya. Zaidi ya hayo, wapangaji wengine wanajifunza kunyamaza. Msaidie kuziba nyufa. Ni nyumba yako unayoponya.

Sisi katika parseli yetu tumepatana kuanza Posho hii. Yule mama wa nyumba ya tatu ndiye atakayeleta sufuria. Juzi alinipata kwenye bomba la maji, akaniambia kwa sauti kubwa, watu wote wakisikia: "Papa, usisahau makaa, kunguni wetu wanatungoja." Alisema "wetu". Watu wawili waliokuwa kwenye foleni, wa parseli nyingine, waliuliza kama nao wanaweza kuleta vitanda vyao.