Taa Nyingi Si Usalama

Ndugu wafanya kazi,

Twaona motokaa za zamani, Land Rover, Peugeot 404 na Volkswagen, zikitunzwa vizuri na wenyewe, na jambo hili latupendeza. Lakini wengine huongeza taa za indiketa ubavuni, au taa za tela, na mara indiketa zaanza kwenda mbio, ama hazipepesi kabisa. Kisha dreva huambiwa, "Nenda nayo hivyo hivyo." Sisi twasema, hapana.

Sababu yake ni hii. Katika gari la namna hiyo mna kikopo kidogo cha flasha. Ndani yake mna kipande chembamba cha madini. Umeme ukipita hupata moto, kikapinda na kukata umeme. Kikipoa hurudi mahali pake, na taa huwaka tena. Kikopo hiki kimepimiwa balbu mbili kila upande, mara nyingi za wati 21. Kwa betri ya volti 12, balbu moja hula ampea 1.75, na mbili hula 3.5. Ongeza ya tatu, umefika 5.25. Kipande hupata moto upesi, na taa hukimbia. Indiketa za haraka haraka hazina baraka.

Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967 zina volti 6, na humo kila balbu ya wati 21 hula ampea 3.5. Waya mwembamba hauwezi mzigo huo. Nazo taa za kisasa za LED hula umeme kidogo mno. Kipande hakipati moto, basi hazipepesi.

Fundi asianze kwa kulaumu swichi. Na atazame kwanza njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kwa maana kutu na rangi huizuia, na umeme hutafuta njia katika taa nyingine, zikawaka hafifu zote. Afunge waya kutoka kwenye taa hadi chuma safi cha chesisi. Taa zikiwaka vizuri, ugonjwa umejulikana. Zisipobadilika, ahesabu wati zote za upande mmoja, kisha anunue flasha ya mzigo huo na ya volti zile zile.

Lakini flasha ya mzigo mkubwa haibadili mwendo balbu ikifa. Kwa hiyo kila asubuhi dreva apewe nafasi ya kuzunguka gari na kutazama kila taa kabla ya kuondoka.

Katika reli, taa ya ishara isipoonekana, au ikionekana vibaya, dreva wa treni huihesabu kuwa ni hatari, naye husimama. Barabarani sivyo. Mwenye baiskeli asiyeona ishara hujiendea zake, akidhani gari litakwenda moja kwa moja. Na likimgonga, anayeulizwa kwanza ni dreva, wala si yule aliyekataa kununua kikopo.

Basi, ndugu madreva, mwambieni mwenye gari mapema, tena mbele ya mwenzenu, kwamba indiketa ni mbovu. Nawe mwenye gari, kama huna fedha ya flasha, ziondoe taa ulizoongeza. Afadhali taa mbili zinazosema kweli kuliko sita zinazodanganya.

Sisi wenzenu wa Reli.