Kijiko cha Mkoloni, Fedha ya Ayeyo

Marafiki zangu wa Nairobi wamepata ugonjwa mpya: vijiko vya kale. Wanachakura kwenye minada na kwa wauza vitu kuukuu, wanarudi na uma tatu na kisu cha siagi, kisha wanaposti: "Fedha halisi."

Fedha gani, jamani? Geuza hicho kijiko. Ukiona herufi EPNS, ujue ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na juu ni utando mwembamba wa fedha uliopakwa kwa umeme. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya ufundi huo mwaka 1840, na Mwingereza wa kawaida akaanza kula kama bwana mkubwa. Kusanya ukipenda, ni pesa zako. Lakini usiniambie kwamba sisi watu wa Garissa hatuna vya kale.

Kina ayeyo, nyanya zetu, walivaa fedha. Kote Pembe ya Afrika masonara waliyeyusha sarafu za Maria Theresa, kila moja gramu 28, zaidi ya asilimia 83 ikiwa fedha, wakafua mikufu na vikuku. Malkia huyo alikufa 1780, na mwaka huo ukaendelea kuchapwa kwenye sarafu zake hata katika karne ya 20. Fedha hiyo ilikuwa benki ya mwanamke. Ukame ukiua mifugo, kikuku ndicho kinauzwa, tena kwa mizani. Sonara hakuulizi kilikuwa cha nani.

Halafu kuna moto. Novemba 1980 vikosi vya serikali viliteketeza Bulla Kartasi, hapa hapa Garissa, na watu wakauawa. Nyumba ikichomwa, sanduku la mama linaenda nayo.

Ndiyo maana neno "antiki" linanikera. Kijiko cha setla kimefika mezani kwako kwa sababu kabati lake halikuguswa. Ukikusanya kilichosalia tu, unakusanya historia ya waliosazwa, halafu unaiita historia ya Kenya.

Basi, wewe mwenye ayeyo aliye hai, kabla hujabishana bei ya uma, mpigie simu. Muulize alivaa nini siku ya arusi, nani alimpa, na kilienda wapi. Andika majina. Kama bado anacho, usikinunue na usimwombe. Kipige picha akiwa amekivaa.