Tujiandae Kabla ya Uchungu Kuanza

Mkulima wa Migwani, hapa kwetu Kitui, hupanda kabla ya mvua. Mwishoni mwa Oktoba, jua likiwa bado linachoma na udongo ukiwa mgumu, yeye tayari amefukia mbaazi, mtama na ndengu ardhini, kwa kuwa anajua mvua ya Novemba haimngoji mtu aliyekwenda kutafuta jembe. Mbona basi mtu huyuhuyu, mkewe akiwa na mimba ya miezi minane, hajui ni nani atakayewabeba usiku wa uchungu, hajui nauli itatoka wapi, wala hajawahi kuuliza damu ya mkewe ni ya kundi gani? Mvua haina tarehe. Mimba ina tarehe, nayo imeandikwa na muuguzi katika kijitabu cha mama na mtoto, kijitabu ambacho baba wengi hawajakifungua hata mara moja.

Kwa muda mrefu tumebishana kama mwanamke ajifungulie nyumbani au hospitalini. Ubishi huo una maana, nami nitasema nisimamapo. Lakini katika vijiji vya Kyome, Thaana, Nguutani na vile vilivyojificha nyuma ya vilima vya Migwani, uzazi mwingi wa nyumbani niuonao haukuamuliwa na mtu. Mama alitaka kwenda, pikipiki haikupatikana, giza likaingia, jirani akaitwa. Ukambani tuna hata jina la mtoto aliyezaliwa mama akiwa safarini, Kyalo. Ni jina la heshima, lakini nisingependa mtoto yeyote alipate kwa sababu tu baba yake hakutafuta gari mapema.

Nchi yetu imepiga hatua, na ni haki tuseme. Mwaka 2007, Wizara ya Afya ikiwa chini ya Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati wakati huo, serikali ilifuta ada ya kujifungua katika zahanati na vituo vyake vya afya. Tarehe 1 Juni 2013 msamaha huo ukapanuliwa hadi hospitali zote za umma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 100, ni 44 tu uliosaidiwa na mtu mwenye ujuzi. Mwaka 2014 ilikuwa 62. Mwaka 2022 ikawa 89. Mama waliosalia, hao 11 katika kila 100, hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Wako kwetu, mahali ambapo kutoka nyumbani hadi lami ni mwendo wa saa nzima juu ya mchanga na mawe.

Wako wanaosema, na wengi wao ni wazee ninaowaheshimu, kwamba mama zetu walijifungulia chumbani na sisi tukaishi. Wanasema nyumbani kuna joto, kuna uji wa wimbi, kuna mama mkwe wa kukanda mgongo, kuna mkunga anayekujua tangu utotoni. Wanaongeza kwamba hospitalini mwanamke hutukanwa na kuachwa peke yake. Siwezi kulipuuza neno hilo. Mnamo Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki za mama mmoja zilivunjwa alipojifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, huku akipigwa na kudhalilishwa, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Kila muuguzi wa Kenya angepaswa kuusoma uamuzi huo. Mwanamke aliyefokewa katika uzazi wa kwanza hatarudi kwa uzazi wa pili, na akifia nyumbani, sehemu ya lawama ni ya yule aliyemfokea.

Hata hivyo, anayeutetea uzazi wa nyumbani kwa kutaja Ulaya naye asimulie habari yote. Uingereza wako wanawake wanaopanga kujifungulia nyumbani, na ni halali yao. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 64,000 wa nchi hiyo wenye mimba zisizo na dalili za hatari. Waliokwisha kuzaa kabla hawakuonekana kuwaongezea watoto wao hatari kwa kubaki nyumbani. Lakini kati ya waliopanga kuzaa mtoto wa kwanza nyumbani, 45 katika kila 100 walihamishiwa hospitalini, kabla ya kujifungua au mara tu baada yake, na watoto wa kundi hilo walipatwa na madhara zaidi. Nao hao walikuwa na mkunga aliyesomea kazi, mwenye sindano na hewa mkobani, na gari la wagonjwa linalokuja likiitwa. Ukiondoa mkunga huyo, ukaondoa sindano, ukaondoa gari, kinachobaki ni chumba na imani. Sina budi kusema wazi: mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au aliyevuja damu uzazi uliopita, asipange kamwe kuzalia nyumbani Migwani. Na hao wengine pia nawasihi waende, kwa sababu ya damu.

Damu ndiyo inayotuulia mama zetu. Kondo la nyuma likishatoka, tumbo la uzazi hutakiwa kujikaza ili mishipa iliyoachwa wazi ifungwe. Likilegea, mama aliyekuwa mzima anaweza kuisha kwa muda wa saa mbili. Muuguzi humdunga oksitosini dakika ileile mtoto anapotoka, ili tumbo likaze. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: wahudumu walitandika chini ya mama karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu, na ilipofika kipimo cha hatari wakampa tiba zote kwa mkupuo, bila kungoja moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Kuvuja damu kwingi na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Plastiki tu, na watu waliojipanga! Nyumbani damu huingia kwenye matambara na udongoni, na hakuna ajuaye imemwagika kiasi gani mpaka mama aanze kusema anasikia baridi.

Basi mpango uanze lini? Uanze siku mimba inapojulikana, na uanze kwa kuhesabu miezi. Mimba iliyoingia Februari huishia Novemba, na Novemba ndiyo mito yetu ya mchanga hushuka kwa ghadhabu. Hakuna aliyesahau tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya liliposombwa na mto Enziu huko Mwingi, wakafa zaidi ya watu 30. Ikiwa kati ya nyumba yako na hospitali kuna mto, na mwezi wako umeangukia mvua, usingoje uchungu ng'ambo isiyofaa. Wiki mbili kabla, nenda ukae kwa shangazi, kwa dada, kwa mwenzako wa kanisa, yeyote aliye karibu na lami. Migwani kuna hospitali ya serikali, Mwingi kuna iliyo kubwa zaidi, Muthale kuna ya misheni. Barabara ya Kitui hadi Mwingi inapita sokoni petu. Kinachotushinda ni kile kipande cha kwanza, kutoka mlangoni hadi barabarani.

Kipande hicho ni kazi ya baba. Akina baba, nawaambia ninyi kwa upendo na bila kuficha: mimba si ya mwanamke peke yake. Zungumza na wenye bodaboda wawili, wa kwanza na wa akiba, uwe na namba zao, na mwelewane bei mchana ili msibishane usiku. Mfahamu pia mwenye gari, maana mama aliyepatwa na kifafa cha mimba au anayevuja damu hakai juu ya pikipiki. Ukivuna ndengu Februari, uza debe moja na fedha zake uziweke kwenye simu mahali ambapo mkono hauzifikii kwa urahisi. Jiandikisheni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mlipe mapema. Tangu Oktoba 2024 mamlaka hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya ile bima ya zamani, NHIF, na mpango wa uzazi bila malipo wa Linda Mama, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kaya yenye kipato kidogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kutafuta fedha hizo mke akiwa mlangoni mwa wadi ni kumtesa mara mbili. Tena tafuteni ndugu wawili wazima walio tayari kutoa damu. Na yale madebe ya maji ya lita 20 kutoka kisima cha mtoni, miezi ya mwisho yabebwe na punda, na mwenye kumswaga punda awe wewe.

Nimesema waende hospitali, lakini sitajifanya sijui kwamba uchungu unaweza kushika saa nane za usiku na mtoto akatoka kabla pikipiki haijafika. Kwa hiyo kila nyumba yenye mimba iwe na mfuko uliofungwa tayari kuanzia mwezi wa saba, uwafae njiani na nyumbani pia: leso safi zilizofuliwa na kuanikwa juani, sabuni, glavu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, nyuzi safi za kufungia kitovu, pamba, karatasi ya plastiki ya kutandika, tochi yenye betri, nguo, kofia na soksi za mtoto, kijitabu cha kliniki na kitambulisho. Mwenye dawa za kila siku azitie humo. Atakayemsaidia mama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa. Asimkande tumbo kwa nguvu kumharakisha, asivute kondo, asimpe mitishamba ya kuongeza uchungu, maana dawa hizo zimepasua matumbo ya uzazi. Na hata mambo yakienda vyema, safari ya hospitali haijafutwa. Mama na mtoto waende wakaangaliwe siku hiyohiyo.

Mtoto naye. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa Kenya wakiwa hai, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi, kwa hesabu ya 2022. Wengi hufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa pumzi, kwa maambukizi. Na mengi ya hayo huzuiwa na mikono iliyofundishwa. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji kusaidiwa ili aanze kupumua, na wengi wao huhitaji tu kukaushwa haraka na kusuguliwa mgongo kwa nguo kavu. Usimning'inize miguu juu, usimpige makofi, usimmwagie maji. Mkaushe, mlaze kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, kichwa kikiwa na kofia. Nguo iliyolowa itupwe kando. Kuoga kungoje siku moja nzima. Usiku wa Julai Migwani una baridi ya kumtosha mtu mzima, sembuse kiumbe wa kilo mbili na nusu.

Akina nyanya, hapa nawaomba radhi, kwa kuwa najua mlilea watu wengi kuliko mimi. Kitovu kisipakwe majivu, wala samadi, wala mate, wala masizi; humo ndimo pepopunda inamopitia. Ulizeni kliniki dawa ya klorheksidini ya kitovu, na isipokuwepo, kiachwe kikavu. Maziwa yale ya kwanza, mazito ya rangi ya manjano, yasikamuliwe na kumwagwa. Mtoto ayanyonye ndani ya saa ya kwanza, wala asipewe maji ya sukari wala glukosi. Akikataa kunyonya, akipumua mbiombio, akiwa wa moto au baridi isivyo kawaida, au viganja vyake vikawa vya manjano, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Heshima yenu haipungui kwa hayo. Mkunga wa jadi aliyemsindikiza mama hadi wadini, akamshika mkono, akamletea uji, amefanya kazi ambayo daktari hana muda nayo, na wauguzi wangefanya vyema kumfungulia mlango. Mtoto akizaliwa nyumbani, mkumbusheni baba aende kwa naibu wa chifu akaandikishe uzazi kabla ya miezi sita kupita, ili mwana asije akahangaika na cheti siku ya kuingia shule.

Tuliojenga matuta ya mashamba haya kwa mwethya, kazi yetu ya pamoja, hatushindwi na jambo hili. Kikundi cha wanawake kumi na wawili kinachochanga kila wiki kinaweza kutenga sehemu ndogo iwe nauli ya mwenzao ajaye, na kumwekea zamu ya kuchota maji siku arobaini. Mhudumu wa afya wa kijiji, yule aliyepewa mkoba wa vifaa vya kazi mwaka 2023, aijue kila mimba ya mtaa wake na atie mguu kwa mzazi mpya katika siku mbili za kwanza.

Na wenye mamlaka wasikilize. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Jirani zetu wa Makueni waliweza mwaka 2016 kuanzisha mpango wa matibabu kwa shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, na mjini Wote kuna hospitali ya mama na mtoto. Serikali ya Kitui tunaiomba nyumba ya muuguzi kando ya kila zahanati, ili usiku pasiwe na kufuli mlangoni. Friji inayofanya kazi, kwa sababu oksitosini huharibika kwa joto. Namba ya gari la wagonjwa iliyopakwa rangi ukutani, ikipigwa ipokelewe. Na chumba cha kungojea katika hospitali ya Migwani kwa mama wa ng'ambo ya mito, kiwe na vitanda na jiko kabla mvua ya Novemba haijaanza.