Kijana Mwenye Usonji na Asilimia Tatu ya Sheria

Kila ifikapo Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya usonji, huonyeshwa watoto wadogo wakichora na kuimba. Ni jambo jema. Lakini mtoto hukua. Ijumaa hii tunamzungumzia yule aliyekwisha kuota ndevu, anayezijua kwa moyo njia zote za daladala za mji wake, na ambaye hajapata kupewa kazi hata siku moja.

Kwa Tanzania Bara sheria ipo (Zanzibar inayo yake). Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kampuni yenye watu 100, basi, inadaiwa watu 3. Mbona kijana wetu hamo?

Kwa maoni yetu, kikwazo kimejificha katika neno dogo: sifa. Sheria inamkusudia mwenye ulemavu aliye na sifa za chini za kazi husika. Kijana mwenye usonji mara nyingi amesoma katika kitengo maalumu ndani ya shule ya msingi, akatoka bila cheti chochote cha kumwonyesha mwajiri. Na hata akiitwa kwenye usaili, anatakiwa awatazame machoni watu asiowajua na kujieleza, yaani apimwe kwa jambo lile lile linalomshinda. Mwajiri anayetaka kutimiza hesabu tu humpita. Ingefaa apewe wiki mbili za majaribio, kazi yake ndiyo imsemee.

Kuhusu cheti, VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Aliyejifunza useremala au ushonaji kwa mjomba wake anaweza kupimwa ujuzi wake na kutambuliwa. Wazazi wachache mno wanaulizia jambo hili.

Wapo wanaodhani kwamba kumrekebishia mtu mazingira ya kazi ni mambo ya kigeni. Swahaba Abdullah ibn Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, naye alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.). Adhana ya alfajiri hutegemea kuyaona mapambazuko, jambo asiloliweza. Hakuondolewa katika kazi hiyo. Watu walimwambia kuwa kumekucha, naye akaadhini. Kwa kijana mwenye usonji, msaada wa namna hiyo ni mfanyakazi mmoja wa kumwelekeza miezi ya mwanzo, ratiba iliyochorwa ukutani, maagizo ya jambo moja moja, na kona tulivu ya kupumzikia makelele yanapozidi. Miongoni mwetu wamo wenye maduka, bohari na viwanda vidogo. Tumezoea kumpa kijana huyu sadaka mlangoni mwa msikiti; kumpa rafu moja ya kupanga bidhaa hatujazoea.

Kwa wanaotaka kujiajiri, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 katika hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa Muislamu anayekimbia riba ni fursa adimu, ila kijana awe mwenye mradi kweli, asiwe jina tu kwenye fomu ya ndugu zake. Deni ni deni.

Sheria hiyo ya 2010 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Mzazi aanzie hapo, tena mtoto akiwa na miaka 14 au 15, kabla shule haijakwisha: aandikishe jina lake, na aulize ni nani katika kamati hiyo anayewasemea wenye usonji.