Jezi namba sita ya Milambo ilivaliwa na nani?

Nilikwenda Tabora kwa ajili ya mpira, nikaishia kwenye chumba cha gemu. Jua lilikuwa linawaka kama lina ugomvi na mtu. Mwenyeji wangu akaniambia, "Kaka, kabla hujaenda uwanjani kuna jamaa hapa Isevya lazima umuone. Ana PlayStation zile za kwanza kabisa, na zote zinawaka."

Nilidhani ananitania. Wanyamwezi kwa utani hawajambo. Nikamfuata.

Jamaa ni fundi redio. Mchana anatengeneza simu na redio, jioni anafungua chumba cha uani. Humo ndani kuna televisheni ya chogo, ile nzito ambayo ukitaka kuihamisha unaita majirani. Juu ya rafu kuna PlayStation ya kijivu. Pembeni yake PlayStation 2 mbili, moja nene na moja nyembamba. Kuna mashine ya kaseti ambayo zamani ukiona imegoma unaipuliza kwa mdomo inakubali. Kuna hata kile kigemu cha mkononi cha kupanga matofali.

Mwanzoni nilicheka. Halafu akaniwekea PES 6. Ule muziki wa mwanzo ulipolia, nikasahau kama nina mechi ya kuangalia.

Kama wewe ulikuwa kijana miaka ile ya 2006 na 2007, sina haja ya kukueleza. Shilingi mia mbili mkononi, benchi la mbao, na sheria moja tu inayotawala: anayefungwa anapisha. Unachukua Inter kwa sababu ya Adriano. Hukuwa na haja ya kuingia ndani ya boksi. Ukifika katikati tu unaminya mraba, mshale unajaa, kipa anaokota nyavuni. Nguvu ya shuti lake ilikuwa 99. Wengine walipiga marufuku kabisa. "Leo Inter haichukuliwi hapa."

Liverpool hukuiona, uliiona Merseyside Red. Chelsea iliitwa London FC. Nani alijali? Kila mtu alijua nani ni nani. Tulijifunza majina ya mabeki wa Serie A kabla hatujajua majina ya mabeki wa timu za mikoa yetu. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, lakini nitarudi huko.

Siku hizi dunia nzima imeingia kwenye zilipendwa za gemu. Julai 2021 kule Marekani, kopi moja ya Super Mario 64 iliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 1.56. Unajua kwa nini ilikuwa ghali hivyo? Kwa sababu haikuwahi kufunguliwa. Ilikaa kwenye karatasi yake ya dukani tangu enzi hizo.

Nikamweleza jamaa wa Isevya. Akatikisa kichwa. "Sasa gemu ambalo halijachezwa lina kumbukumbu gani, kaka?"

Nikaangalia padi zake. Kitufe cha mraba kimelika mpaka alama imefutika. Vidole vya vijana wa Isevya, Ng'ambo na Cheyo vimefanya kazi hiyo. Hakuna mnada duniani utakaonunua padi ile, na yeye haiuzi.

Kisha akanitolea kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na memori kadi. Kila moja ina kipande cha plasta, na kwenye plasta jina limeandikwa kwa kalamu. Ni za wateja wake wa zamani. Mmoja sasa ni mwanajeshi. Mwingine anaendesha lori njia ya Kigoma. Mwingine ana watoto watatu na kitambi. Wakirudi likizo wanapita, wanachomeka kadi zao na kukuta ligi zao pale pale walipoziachia.

Moja akaishika bila kunipa. "Huyu alifariki. Yuko msimu wa nne, anaongoza ligi. Siwezi kufuta."

Kadi ile ina ukubwa wa megabaiti 8. Leo picha mbili tatu za simu yako zinaijaza. Lakini ndani yake kuna kijana wa Tabora ambaye hata leo anaongoza ligi.

Nimeona watu wakidharau mambo haya. Wanasema ni utoto. Nakubali kidogo. Mama zetu walitufuata mle na fimbo, na walikuwa na haki, maana wengine tulitumwa sukari tukarudi saa moja usiku bila sukari na bila hela. Lakini mtu mzima anayetunza alichokipenda hafanyi utoto. Utoto ni kutupa kila kitu halafu baadaye kulia kwamba hatuna historia.

Sasa nifike nilipotaka kufika.

Jamaa ana mradi wake. PES 6 ina sehemu ya kuhariri. Unaweza kuchukua timu ambayo hakuna anayeichezea, ukafuta jina lake, ukaandika jina lako. Unabadilisha jezi, unabadilisha wachezaji mmoja mmoja. Vijana wetu wamefanya mambo makubwa kwa njia za namna hii. Kampuni ya Konami haikutuwekea Simba na Yanga, wao wenyewe wakaziweka kwenye gemu za simu, na jezi zao na kila kitu. Hakuna aliyewalipa.

Jamaa wa Isevya hataki Simba wala Yanga. Anataka Milambo.

Wadogo zangu mliozaliwa juzi, Milambo ilikuwa timu ya Tabora, na ilifika Ligi Kuu. Jina ni la yule mtemi wa Urambo, Mirambo, aliyewasumbua wafanyabiashara wa misafara, na aliyefariki mwaka 1884. Timu yenye jina kama hilo ilikuwa haiingii uwanjani kinyonge.

Akaanza kazi. Jina la timu, sawa. Kisha gemu likaanza kumuuliza maswali. Rangi ya jezi ya ugenini? Jina la kipa? Beki namba mbili anatumia mguu gani? Namba sita ana urefu gani? Nywele zake zikoje?

Hakuwa na majibu. Akaenda kuwauliza wazee. Wazee watatu chini ya mwembe mmoja wakampa rangi tatu tofauti za jezi. Wawili nusura wagombane juu ya namba sita. Mmoja anasema alikuwa mrefu, mguu wa kushoto. Mwingine anasema huyo alikuwa namba tatu, na namba sita alikuwa mfupi mwenye roho mbaya. Wa tatu akasema wote wawili wanachanganya na timu nyingine kabisa.

Akatafuta picha. Akapata moja, imeliwa na mchwa upande wa kulia. Ikabaki mistari ya miguu na mpira.

Fikiria jambo hili. Adriano wa kweli alimpoteza baba yake mwaka 2004 na baada ya hapo mpira ukaanza kumtoka taratibu. Alimaliza mapema kuliko tulivyotarajia. Lakini Adriano wa Isevya ana miaka 24, mguu wa kushoto, shuti 99, na ukimhitaji saa nane usiku unampata. Wajapani waliokaa ofisini wakamwandika. Beki wetu wa Milambo, aliyecheza kilometa chache kutoka kwenye chumba kile, hajulikani hata urefu.

Na Tabora siyo mji usiojua kutunza. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji. Liko lile tembe alilokaa David Livingstone, leo ni makumbusho. Tunajua alifika hapo na Stanley mwaka 1872. Tunajua Stanley alitangulia kuondoka mwezi Machi. Tunajua Livingstone alibaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti mwaka huo huo. Kwa nini tunajua? Kwa sababu aliandika kwenye daftari, na daftari likatunzwa.

Wapagazi je? Maelfu ya Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Waliondoka wakiimba, wakarudi na vitambaa na shanga, na wengine hawakurudi. Katika njia ile ile wengine walipitishwa wakiwa wamefungwa minyororo, wakiuzwa kama bidhaa. Wengi wao majina yao hatunayo. Tunayo miembe.

Ndiyo maana huwa naogopa kidogo kumbukumbu za zamani. Zina tabia ya kutunza kivuli cha mwembe na kusahau mnyororo. Hata sisi wa gemu tuna tabia hiyo. Tunakumbuka Adriano, hatukumbuki vile viboko. Dawa yake ni kuandika wakati wenyewe bado wapo. Ukisubiri sana, kila mzee anabaki na rangi yake ya jezi.

Angalia mpira wa Tabora wenyewe. Milambo ilikuja ikapotea. Rhino Rangers ikapanda, ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikashuka. Ikaja Kitayosce, ikawa Tabora United. Agosti 2023 ikaanza Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani kwa sababu ya mambo ya usajili, na mechi haikufika mwisho. Nchi ikacheka. Novemba 2024 timu ile ile ikawafunga Yanga 3-1. Nchi ikanyamaza. Mwaka 2025 jina likabadilika tena, ikawa TRA United.

Mimi sina ugomvi na mabadiliko. Mpira unataka pesa, na mwenye pesa ana haki ya kuweka jina lake. Swali langu ni dogo. Jezi za ile siku ya 3-1 ziko wapi? Nani ana karatasi ya kikosi? Mpira wenyewe uliochezewa uko wapi? Nina wasiwasi kwamba miaka 20 ijayo kijana mwingine atakaa mbele ya mashine yake, aandike Tabora United, na mashine imuulize maswali yale yale. Atakwenda chini ya mwembe ule ule. Safari hii mzee atakuwa mimi, na nitampa rangi yangu.

Wenzetu Ulaya klabu ya daraja la nne ina chumba cha makombe na picha za mwaka wa kwanza. Sisi tuna klabu kubwa zenye umri wa zaidi ya miaka 80, na bado ubishi wa nani alifunga bao gani enzi hizo unaishia kwa anayepiga kelele zaidi redioni. Tunadhani historia ni ubishi.

Haya mambo hayahitaji mabilioni. Pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kinatosha chumba kimoja na kabati moja lenye kioo. Weka jezi moja ya kila msimu. Weka karatasi ya kikosi cha kila mechi ya nyumbani. Tafuta vijana wawili wenye simu nzuri, wakae na wazee waliocheza Milambo, mmoja mmoja, kila mzee peke yake ili wasigombane, wawarekodi. Tabora kuna shule kongwe na kuna vyuo. Wanafunzi wangeifanya kazi hiyo kwa soda na nauli.

TFF na Bodi ya Ligi nao wanaweza kufanya jambo jepesi. Klabu inapobadilishwa jina au kuhamishwa mkoa, iwe ni sharti ikabidhi kumbukumbu zake kwanza. Picha, takwimu, majina ya wachezaji. Tunadai nyaraka za madeni na mikataba, tudai na hizi. Timu ikifa leo inazikwa bila hata kibao.

Na wewe msomaji, angalia juu ya kabati la baba yako. Huenda kuna picha. Huenda kuna jezi ambayo mama anataka kuifanya tambara la kudekia. Mzuie kwa heshima.

Wakati naondoka Isevya, umeme ulikatika. Chogo likafifia mpaka likabaki lile doa jeupe katikati ya kioo. Nikashtuka. "Milambo yako imepotea?"

Akacheka gizani. "Nilishasevu, kaka. Mimi kila jina likipatikana nasevu hapo hapo. Hapa mjini huwezi kusubiri."

Nikamuuliza amefikisha majina mangapi ya uhakika, yale ambayo wazee wote wamekubaliana bila ubishi. Akanitajia. Siyaandiki hapa mpaka wenyewe au familia zao waridhie. Ni sita.

Sheria za soka zinasema timu yenye wachezaji chini ya saba haiwezi kuanza mechi. Kwa hiyo Milambo iko pale Isevya ndani ya kadi ya megabaiti 8, imeshavaa, imejipanga, inasubiri. Imepungukiwa mmoja tu. Kama unamjua namba sita, mtafute kabla hajaondoka.