Mzigo una cheti cha uasili, shahada ya saikolojia haina

Mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizomo katika orodha ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, iwe Busia, Namanga au Rusumo, akavuka bila kulipa ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinabaki, lakini dirisha lipo na linajulikana. Mwanawe aliyemaliza shahada ya saikolojia na anayetaka kusomea tiba upande wa pili wa mpaka hana dirisha la namna hiyo.

Familia nyingi hugundua hilo ada ya miaka mitatu au minne ikiwa imeshalipwa. Mzazi anaamini amesomesha mtaalamu, kumbe kwa sehemu kubwa ya ukanda huu shahada ya kwanza ya saikolojia ni mlango tu. Anayetaka kuhudumia wagonjwa kama mwanasaikolojia tiba hutakiwa kusoma shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka 2, na sehemu ya muda huo ni wodini chini ya msimamizi. Masomo hayo yapo Muhimbili mjini Dar es Salaam, Makerere mjini Kampala na Chuo Kikuu cha Nairobi. Asichanganywe na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alianza na udaktari na ndiye anayeandika dawa.

Rwanda ina njia yake. Chuo Kikuu cha Rwanda hufundisha saikolojia tiba tangu shahada ya kwanza, na mahitaji yaliyoachwa na mauaji ya kimbari ya 1994 yana sehemu kubwa katika historia hiyo. Kenya nayo ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, ikaunda bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo vijana wawili wenye shahada zinazofanana kwa jina wanaweza kupokelewa tofauti kabisa katika ofisi moja.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana mikataba yao ya kutambuana. Wanasaikolojia hawamo katika kundi hilo. Anayetibu ng'ombe amefikiriwa kabla ya anayetibu msongo wa mwenye ng'ombe, na hilo linasema jambo kuhusu vipaumbele vya Jumuiya.

Mkataba usipokuwepo, kinachombeba mwanafunzi ni maandalizi yake, na hayo huanza mwaka wa pili, si baada ya mahafali. Takwimu na mbinu za utafiti ndizo wengi huzikwepa, ilhali uzamili huishia kwenye tasnifu na alama hizo hutazamwa. Baada ya hapo ni kuonekana mahali penye wagonjwa. Hospitali kama Mathari, Butabika na Mirembe si pekee. Kliniki za wilaya, vituo vya waathirika wa dawa za kulevya na mashirika yanayohudumia wakimbizi nayo yana kazi za kujitolea. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hatibu mtu huko. Anapokea watu, anajaza fomu, anakaa kimya na kusikiliza. Kila siku aliyofanya iandikwe na isainiwe, kama mfanyabiashara anavyotunza risiti, kwa sababu jopo la usaili halina njia nyingine ya kuamini. Barua ya mhadhiri anayemjua mwanafunzi kwa kazi yake ina uzito kuliko ya profesa mwenye jina kubwa aliyemwona katika ukumbi wa mamia.

Lugha ni mtaji ambao watoto wa mipakani huudharau. Mama anayesema "nina mawazo" hasemi kwamba ana fikra, anaeleza mzigo. Mwingine atasema kichwa kinapata moto au moyo unaenda mbio, na asitaje huzuni hata mara moja. Tanzania wanaita sonona. Mgonjwa wa Mombasa huenda hajawahi kulisikia neno hilo. Dodoso la maswali 9 la kupima sonona, PHQ-9, lina tafsiri ya Kiswahili, lakini kulisoma kwa sauti hakutoshi kama muulizaji haelewi jibu. Kijana aliyekulia sokoni Sirari au Mutukula, akisikia lahaja tatu kabla ya saa sita mchana, ana kitu ambacho darasa litachukua muda mrefu kumpa mwenzake.

Kwa mzazi, swali la kwanza lisiwe ada. Liwe hili: kijana atafanya kazi nchi gani? Baraza au bodi ya nchi hiyo iulizwe kwa maandishi kama inaitambua shahada ya chuo kinachokusudiwa, kabla ya kulipa chochote. Swali la pili ndiyo ada, kwa kuwa vipo vyuo vyenye kiwango cha mwenyeji na kingine cha mgeni, na mafunzo ya wodini mara nyingi hayana posho ingawa nauli na chumba vinalipwa kila mwezi. Wanaotoka Burundi na Kongo wenye vyeti vya Kifaransa waanze mapema zaidi kutafuta tafsiri iliyothibitishwa, maana dirisha la maombi likifungwa halimsubiri mtafsiri.