Mwenye Ghala Haombi Mbegu

Wako watu wanaosema: «Viwanda vikubwa visiposaidiwa na Serikali, haviwezi kujenga.» Maneno hayo yanapendeza masikio, lakini tuyapime.

Tutazame Samsung Electronics ya Korea ya Kusini, inayotengeneza simu, televisheni, na vile vipande vidogo vya silikoni vinavyotunza kumbukumbu ndani ya mashini. Kazi hiyo hula feza bila kushiba, maana mashini mpya ya leo kesho imezeeka. Mwaka 2023 bei za vipande hivyo zilianguka. Faida ya kazi, iliyokuwa won trilioni 43 mwaka 2022, ikashuka hata trilioni 6,6. Je, kampuni ilisimamisha ujenzi? Hata kidogo. Ilitumia trilioni 53 kwa majengo na mashini, sawa na mwaka uliotangulia.

Ilizitoa wapi? Kwanza, katika akiba ya miaka ya neema, pamoja na faida iliyokaa katika matawi yake ya ng'ambo. Tena ilikopa trilioni 20 kwa Samsung Display, kampuni iliyo mtoto wake, kwa riba ya 4,6 kwa mia. Baba alikopa kwa mtoto. Feza haikutoka nyumbani. Hata hivyo, kwa mwaka huo wenye hisa waligawiwa trilioni 9,8.

Jambo hilo tunalisifu. Mkulima mwenye akili hali mbegu yake hata wakati wa njaa.

Lakini Desemba 2024 Serikali ya Marekani iliahidi kuipa kampuni hiyo hiyo dola zaidi ya bilioni 4,7 zisizorudishwa, kwa viwanda vyake vya Texas. Na mwezi mmoja tu kabla, Samsung ilikuwa imetangaza kwamba itanunua hisa zake yenyewe kwa won trilioni 10, yaani kama dola bilioni 7! Je, huyo ni maskini wa kuombewa?

Watetezi watajibu: «Marekani inataka vipande hivyo vitengenezwe kwake, kwa ajili ya usalama wake.» Haya, ni haki yake. Lakini anayetoa mbegu ashiriki mavuno. Agosti 2025 Marekani yenyewe ilifanya hivyo kwa Intel: msaada uligeuzwa kuwa hisa, karibu 10 kwa mia.

Basi, enyi wakubwa wa inchi zote, feza ya Serikali ni jasho la walipa kodi. Tajiri akibisha hodi, mwulizeni kwanza: «Ghala lako lina nini?» Kisha: «Watu wetu watavuna nini?» Asipojibu, arudi kwake.